Je, Mungu ni mwanamume? Jibu kwa mlezi wa Kondele

*Swali: Ninamlea binti wa marehemu dada yangu hapa Kondele, Kisumu. Yuko Gredi ya 6. Juzi alirudi nyumbani akaniuliza kama Mungu ni mwanamume, kwa sababu kitabu chao cha CRE, somo la dini ya Kikristo, kiko kwa Kiingereza na kinamtaja kwa neno la kiume, halafu kanisani tunasema Baba. Baba yake mzazi alikuwa akimpiga sana, na nimegundua tukianza "Baba yetu uliye mbinguni" yeye hunyamaza mpaka amina. Jirani yetu Mwislamu, mwenyeji wa Mumias, anasema Mwenyezi Mungu si mume wala mke, lakini mpwa wangu aliye chuoni anasema Kurani yenyewe inamwita "Huwa", neno la kiume. Mpwa huyo huyo anasema Waisraeli wa kale walimpa Mungu mke na kwamba Roho Mtakatifu ni wa kike. Tena kuna mhubiri redioni aliyesema anayemwita Mungu "Mama" anaabudu sanamu. Nani anasema kweli? Na nikimruhusu mtoto amwombe Mungu kama Mama, nitakuwa nimemkosesha?*

Dada, hapa kuna maswali mawili. Moja ni la mafundisho: Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanasema nini kuhusu Mungu na jinsia? La pili ni la mtoto mmoja anayenyamaza wakati wa sala. La kwanza lina jibu ambalo wanachuoni wakuu wa dini zote tatu wamelishika kwa karne nyingi: Mungu hana jinsia kwa sababu hana mwili. Lakini ukimpa mtoto jibu hilo tupu kisha mkaendelea kusali kama jana, hutakuwa umemsaidia sana. Kwa hiyo vumilia kidogo nieleze la kwanza, ndipo tufike kwa huyo binti.

Tuanze na Torati, kwa kuwa ndiyo ya zamani zaidi. Kumbukumbu la Torati 4:15-16 inawakumbusha Waisraeli kwamba siku Mungu aliposema nao kutoka ndani ya moto kule Horebu hawakuona umbo lolote, hivyo wasijichongee sanamu ya mfano wa mwanamume au mwanamke. Yote mawili yamekatazwa, na la kiume limetajwa kwanza. Mhubiri wako wa redioni angeisoma aya hiyo polepole, kwa maana mtu anayemchora Mungu kichwani kama mzee mwenye ndevu amegusa katazo lile lile analomtupia anayesema Mama. Katika Hosea 11:9 Mungu anasema yeye ni Mungu wala si mwanadamu, na neno la Kiebrania lililotumika pale ni lile linalomtaja mtu mwanamume. Karne nyingi baadaye Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliliweka jambo hilo katika misingi yake 13 ya imani: Mungu si mwili, wala hakuna sifa ya mwili inayomgusa. Mkono wa Mungu, jicho la Mungu, kiti chake cha enzi, vyote hivyo alivieleza kwa msemo wa marabi wa kale kwamba Torati husema kwa lugha ya wanadamu.

Jirani yako wa Mumias naye yuko sawa, na ana hoja nzito kuliko pengine anavyojua. Surat Al-Ikhlas, ile sura fupi ya 112 ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua kwa moyo, inasema Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hana anayefanana naye. Ash-Shura 42:11 inasema hakuna kitu chochote mfano wake. Al-An'am 6:101 inauliza atakuwaje na mwana ilhali hana mke. Na An-Najm inawakabili Waarabu wa Makka waliodai kwamba Lata, Uzza na Manata ni mabinti wa Mungu. Aya ya 21 na 22 zinawauliza, kwa kejeli kabisa, kama wao wamejichukulia wana wa kiume na kumwachia Mungu wa kike, kisha zinauita huo mgawanyo wa dhuluma. Waislamu wamebishana sana kuhusu aya zinazotaja mkono wa Mwenyezi Mungu, kama ile ya 48:10. Wapo wanaosema ni fumbo la uwezo, na wapo wanaosema aya ikubaliwe ilivyo bila kuuliza ni wa namna gani. Lakini hata hao wa pili hawakutoka hapo wakasema Mungu ni wa kiume.

Kwa Wakristo, Yesu anamwambia mwanamke Msamaria kwamba Mungu ni Roho (Yohana 4:24). Katika karne ya 4 Gregory wa Nazianzus, mmoja wa mababa wa Kanisa waliotetea fundisho la Utatu, aliwacheka waziwazi watu waliodhani Mungu ni mwanamume eti kwa kuwa anaitwa Baba. Ibara ya kwanza kati ya zile 39 za imani za Waanglikana, za mwaka 1571, inasema Mungu hana mwili wala viungo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 239, inasema wazi kwamba Mungu yuko juu ya tofauti ya jinsia ya wanadamu. Si mwanamume wala si mwanamke, ni Mungu. Ongeza na Mwanzo 1:27, ambapo mwanamume na mwanamke wote wawili wameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kama Mungu angekuwa wa kiume, binti yako angekuwa mfano wa nusu, na hilo hakuna Kanisa linalolifundisha.

Sasa haya maneno ya kiume yametoka wapi? Sehemu kubwa ni sarufi. Kiebrania kina jinsia mbili tu za maneno, ya kiume na ya kike, na kila jina lazima lipangwe upande mmoja, hata meza na mji. Kitenzi nacho hubadilika kufuata upande huo. Hakuna upande wa tatu wa kumweka Mungu. Kiarabu ni vivyo hivyo: jua ni la kike, mwezi ni wa kiume, na hakuna Mwarabu anayedhani jua lina kizazi. "Huwa" ni neno ambalo Kiarabu hulazimika kulitumia kwa jina lolote la upande wa kiume, liwe la mtu, la kitabu au la mlango. Mpwa wako ameona neno, akalipa mwili.

Hilo linasaidia kueleza kwa nini swali limemjia mtoto shuleni na wala si nyumbani. Kiswahili husema "ameumba" na "yeye" bila kubagua. Kijaluo nacho husema "en" kwa mume na kwa mke. Mtoto anaweza kusali miaka kumi kwa lugha hizi bila kulazimika kuchagua. Anapofungua kitabu cha Kiingereza, lugha inayobagua "yeye" wa kiume na wa kike, ndipo anaona kumbe kuna uamuzi ulikwisha kufanywa. Ila tusijisifu kupita kiasi. Kwetu jinsia huingia kupitia vyeo: Baba, Bwana, Mfalme. Neno "Bwana" hasa, ambalo Biblia zetu zimelitumia kila mahali, ndilo hilo hilo la mume wa mtu. Na jirani zetu Wakalenjin wa upande wa Nakuru na Kericho wana jina la kale la Mungu, Cheptalel, lenye mwanzo ule ule wa majina ya kike kama Chepkoech. Hilo nalo halithibitishi kwamba wazee walimwona Mungu kuwa mwanamke, kama vile "Huwa" haithibitishi kinyume chake.

Habari ya Roho Mtakatifu kuwa wa kike inatoka kwenye chanzo hicho hicho. Katika Kiebrania neno la roho kwa kawaida ni la kike, na kitenzi cha Mwanzo 1:2, Roho akitulia juu ya maji, kimewekwa katika hali ya kike. Katika Kigiriki, lugha ya Agano Jipya, neno lenyewe si la kiume wala la kike. Katika Kilatini ni la kiume. Kama sarufi ingetoa jinsia, Roho angebadilika mara mbili kabla hajafika Roma. Hata hivyo mpwa wako hajaokota hewani: Wakristo wa kwanza waliosema Kisiria, lugha ndugu ya Kiebrania, walimtaja Roho kwa namna ya kike, na Aphrahat, mwandishi wao wa karne ya 4, anamtaja Mungu kuwa Baba na Roho Mtakatifu kuwa Mama katika fungu moja. Baadaye waandishi wa Kisiria walianza kumtaja Roho kwa namna ya kiume, hata ikabidi wavunje kanuni za lugha yao wenyewe.

Kuhusu mke wa Mungu, hapo kuna historia ya kweli na mpwa wako asifokewe kwa kuitaja. Mwaka 1975 na 1976 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mahali paitwapo Kuntillet Ajrud katika jangwa la Sinai, wakakuta maandishi ya karibu karne ya 8 kabla ya Kristo yanayombariki mtu kwa jina la BWANA na "Ashera wake". Wataalamu bado wanabishana kama hapo Ashera ni mungu mke au ni ile nguzo ya mti iliyosimamishwa mahali pa ibada. Biblia yenyewe haifichi: 2 Wafalme 23:6 inasimulia mfalme Yosia akiitoa Ashera ndani ya hekalu na kuichoma, na Yeremia 44 ina wanawake wanaomjibu nabii usoni kwamba wataendelea kumfukizia uvumba malkia wa mbinguni. Kwa hiyo ni kweli wapo Waisraeli waliomweka mungu mke kando ya Mungu wao. Lakini dini ya Kiyahudi tunayoijua ilijengwa na wale waliolipinga jambo hilo. Lililobaki ni lugha ya Shekina, yaani uwepo wa Mungu kati ya watu, ambayo wafumbuzi wa siri za Torati huko Hispania katika karne ya 13 waliipamba kwa mifano mingi ya kike. Hata wao hawakukubali kwamba kuna Mungu wa pili.

Tukiondoa sarufi, neno Baba linabaki, na hili siwezi kulipitia haraka maana ndilo linalomuumiza mtoto.

Katika Ukristo, Baba ni jina la uhusiano. Imani ya Nikea ya mwaka 325 inasema Mwana amezaliwa na Baba, hakuumbwa. Haisemi lolote kuhusu mwili wa kiume, na katika kuzaliwa huko hakuna mama anayehitajika. Mtaguso wa 11 wa Toledo, yaani mkutano wa maaskofu huko Hispania mwaka 675, ulithubutu hata kusema Mwana amezaliwa kutoka katika tumbo la uzazi la Baba. Maneno hayo yanavunja makusudi picha ya mwanamume wa kawaida. Ndiyo, Yesu alikuwa mwanamume. Alitahiriwa siku ya nane (Luka 2:21). Lakini Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451 ulisema asili zake mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, hazikuchanganyika, kwa hiyo mwili wa kiume ni wa asili yake ya kibinadamu.

Waislamu hawamwiti Mungu Baba hata kidogo, na sababu kubwa ni kukataa kwamba anazaa. Wao hurudi kwenye Rahmani na Rahimu, majina yanayotangulia sura 113 kati ya 114 za Kurani. Iko hadithi kudsi, yaani maneno ya Mungu yaliyosimuliwa na Mtume nje ya Kurani, ambamo Mwenyezi Mungu anasema yeye ni Rahmani, ameumba tumbo la uzazi na kulipa jina kutokana na jina lake. Na katika Bukhari na Muslim, mikusanyo miwili mikuu ya hadithi za Mtume, imepokewa habari ya mateka mwanamke aliyemtafuta mtoto wake mpaka akampata, akamkumbatia na kumnyonyesha. Mtume akawaambia masahaba kwamba Mwenyezi Mungu anawahurumia waja wake kuliko mama huyu anavyomhurumia mwanawe. Mfano ni wa mama, na bado hakuna Mwislamu anayetoka hapo akiomba "Ewe Mama".

Na sisi Wakristo tuna mifano ya namna hiyo kwa wingi, ila mahubiri mengi huiruka. Isaya 42:14 inamlinganisha Mungu na mwanamke mwenye utungu wa kuzaa. Isaya 49:15 inauliza kama mwanamke anaweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, kisha inasema hata yeye akisahau, Mungu hasahau. Katika Isaya 66:13 Mungu anamfariji mtu kama mama anavyomfariji mwanawe. Yesu anajifananisha na kuku anayekusanya vifaranga (Mathayo 23:37), na katika Luka 15:8-10 anayetafuta kilichopotea ni mwanamke mwenye taa na ufagio. Mifano hii haimfanyi Mungu kuwa mwanamke. Ukiukataa ubaba wa kimwili, ukatae na umama wa kimwili. Kipimo kiwe kimoja.

Lazima niseme pia kwamba si kila anayejiita Mkristo anakubali haya. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huwaita Wamormoni, linafundisha kwamba Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa na kwamba yuko Mama wa Mbinguni. Ukikutana na wahubiri wao vijana mjini, ujue hapo mnatofautiana kwa jambo la msingi. Tena usichanganye jambo hili na heshima ambayo Wakatoliki au watu wa Legio Maria wanampa Mama Maria. Kumheshimu Maria na kusema Mungu ni wa kike ni mambo mawili tofauti.

Basi, mtoto akimwomba Mungu kama Mama, utakuwa umemkosesha? Nitakupa maoni yangu bila kuzunguka. Kusema "Mungu, nifariji kama mama" kuna Maandiko nyuma yake, na mchungaji anayelipinga hilo anabishana na Isaya. Kumwita "Mama yetu" badala ya "Baba yetu" ni hatua nyingine: Maandiko humfananisha Mungu na mama lakini hayamwiti hivyo katika sala, na sala ya Bwana ilitolewa pamoja na neno lake, Baba. Si ibada ya sanamu, mhubiri ametia chumvi. Ila katika makanisa mengi ya Kisumu atakemewa mbele ya watu, na mtoto aliyekwisha kupigwa hahitaji kukemewa kanisani. Kwa sababu hiyo singependekeza afundishwe kulitumia hadharani. Akilisema mwenyewe usiku kitandani, mwache.

Penye kanuni ngumu kabisa ni ubatizo. Mwaka 2008 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo uliofanywa kwa jina la "Muumba, Mkombozi na Mtakasaji" badala ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu si halali, na aliyebatizwa hivyo anatakiwa abatizwe. Waislamu nao husema maneno ya sala yalivyo kwa Kiarabu, lakini dua ya faragha inaweza kuombwa kwa Kiswahili au Kiluhya, kwa majina yaliyothibiti katika Kurani na Sunna.

Nigusie kidogo jambo ambalo hukuuliza, kwa sababu wanaume wengi huliingiza hapa: eti Mungu ni Baba, kwa hiyo mwanamke asiongoze kanisa. Hoja hiyo haisimami juu ya jinsia ya Mungu. Kanisa Anglikana la Kenya linasema Baba Yetu kila Jumapili, na mwaka 2021 liliwaweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo na Rose Okeno kuwa askofu wa Butere. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba Mungu hana jinsia na bado haliwapi wanawake upadri, kwa sababu nyingine kabisa. Mpwa wako na mhubiri wabishane juu ya hizo sababu.

Turudi kwa binti. Kosa ambalo walezi wema hulifanya ni kumwambia mtoto, "Mungu ni kama baba yako, ila yeye ni mzuri." Mtoto husikia nusu ya kwanza tu. Neno Baba likisemwa, kumbukumbu ya kipigo inakuja kabla ya maana yoyote, na hakuna maelezo ya Nikea yanayoweza kuiwahi. Usimlazimishe kusema sala ya Bwana kwa sauti. Asimame nanyi, anyamaze, asiulizwe kwa nini. Kwa sala za nyumbani mpe majina mengine yaliyomo katika Biblia: Mchungaji, Mwamba, Kimbilio, Mfariji. Someni naye Zaburi 27:10, ambapo mtu anasema hata baba yangu na mama yangu wakiniacha, BWANA atanikaribisha kwake. Aya hiyo inakiri kwamba wazazi huweza kushindwa, na kwa mtoto wa namna hii ni nafuu kusikia Biblia ikilisema. Isaya 66:13 ije siku nyingine, usimrundikie.

Baadaye, pengine baada ya miezi mingi, mnaweza kufungua Mathayo 23:9, Yesu anaposema msimwite mtu baba duniani, kwa maana Baba yenu ni mmoja. Hapo mwelekeo unageuka: Mungu hapimwi kwa baba wa nyumbani, baba wa nyumbani ndiye anayepimwa na kuonekana amepungua. Watoto wengine hulipenda jambo hilo wakilielewa, wengine hawalirudii neno Baba mpaka wakubwa. Yote mawili yavumilie. Na swali lake lenyewe mjibu leo, kwa sentensi moja: Mungu si mwanamume wala mwanamke, hana mwili, na wewe umeumbwa kwa mfano wake.

Mwalimu wake wa CRE mwone ana kwa ana, kwa upole, umweleze kwa nini mtoto ananyamaza. Mchungaji wako pia, faraghani, kabla hajamwita mtoto mbele kusali. Ukitaka kumsikia Mwislamu msomi badala ya kuhadithiwa na mpwa, Msikiti wa Jamia uko hapo hapo mjini Kisumu. Na Wayahudi wa jamii ya Abayudaya wako upande wa Mbale, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Bungoma.

Lakini kama mtoto hashiki usingizi, anakojoa kitandani ilhali alikwisha kuacha, anashtuka mtu mzima akiinua mkono, au baba yake bado anamfikia, hapo jambo limevuka mipaka ya dini. Nenda kwa mshauri nasaha katika hospitali ya karibu na kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Mchungaji akikwambia maombi pekee yatatosha, mshukuru, kisha upige simu.